Kipande cha Shingoni

Msomaji, utakapotimiza miaka 18 utakwenda kwa afisa wa serikali, utatoa alama za vidole vyako, utapigwa picha, kisha utapewa kitambulisho. Wako wazee watakaokiita kipande. Jina hilo limedumu kuliko kitu chenyewe, nalo lina habari ambayo yafaa uijue kabla hujanyosha kidole.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika wa Kenya ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 hivi alilazimishwa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Karatasi hiyo ilitiwa katika kijaluba cha chuma, nacho kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Aliyekutwa njiani bila kipande alitozwa faini au kufungwa.

Huenda ukadhani kwamba ubaya wote ulikuwa katika kengele ile. Lakini fikiri zaidi. Karatasi ilikuwa na nafasi ya kuandika jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuiacha. Aliyeandika ni mwajiri. Mwenye kipande, ambaye mara nyingi hakujua kusoma, alibeba kifuani pake maneno ya mtu mwingine juu yake mwenyewe. Mwajiri akikataa kutia sahihi ya kumwachilia, hapati kazi pengine. Mwajiri mpya akiona kwamba alilipwa kidogo, atamwongezea kwa nini? Naye akitoroka, alama za vidole vyake zilikuwa zimehifadhiwa Nairobi, akatafutwa kwazo.

Harry Thuku alikipinga kipande pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa, akakamatwa mwezi wa Machi 1922. Tarehe 16 umati ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Muthoni Nyanjiru aliwashutumu wanaume kwa uoga wao, watu wakasogea, risasi zikapigwa. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21 waliouawa, na Muthoni alikuwa mmojawapo.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Ndipo walowezi wengi wa Kizungu wakalalamika kwamba kutiwa wino vidoleni ni jambo la kuwafanyia wahalifu. Waafrika walikuwa wametiwa wino huo kwa zaidi ya miaka 25!

Siku hizi hakuna kijaluba. Mwaka 2019 serikali iliwaandikisha mamilioni ya watu kwa ajili ya Huduma Namba, na sheria iliyobadilishwa mwaka 2018 ilikuwa imeruhusu hata kuchukua vinasaba vya mtu na kupima mahali hasa nyumba yake ilipo. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani walikuwa watetezi wa haki za Wanubi, jamii iliyokuwa imezoea kuhangaishwa kila ilipoomba vitambulisho. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kwamba vinasaba na vipimo vya makazi havitachukuliwa, kwa kuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu.

Baina ya kesi na hukumu ilikuwa imepitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwayo unaweza kuuliza ni nini kimeandikwa juu yako, na kudai cha uongo kisahihishwe. Mchukua kipande angemwuliza nani? Sheria hiyo pia inataka madhara yapimwe kabla ya kuanza kazi yenye hatari kubwa kwa haki za watu. Serikali haikuyapima, na Oktoba 2021 mahakama ikatangaza kwamba utoaji wa kadi za Huduma haukuwa halali. Kadi nyingi zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa, na watu wengine walikuwa nazo mifukoni.