Nyigu na Chokaa ya Wazee

Msomaji, ukitoka Ganjoni ukaingia Mji wa Kale wa Mombasa, zitazame kuta za nyumba kongwe. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, nazo dari hushikwa na boriti za mikoko. Matumbawe yana vitundu vingi, na nyigu hupenda kujenga katika matundu na pembe zisizoguswa. Mafundi wa kale walichoma matumbawe hayo hayo wakapata chokaa, wakaipaka ukutani hata ukawa laini. Sidhani kwamba walimfikiria nyigu. Walitaka kuta zisinywe mvua. Walakini yeye naye alifungiwa mlango, pasipo gharama ya ziada.

Chokaa ikibanduka nyigu hurudi, na watu hutafuta dawa ya haraka. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu, na dunia ikashangilia. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani akaonyesha jinsi sumu hizo zidhuruvyo ndege na samaki. Wengine hushika mwenge. Nilipokuwa mtoto, jirani yetu alichoma kiota kilichoning'inia chini ya boriti. Nyigu walikwisha, na dari ikashika moto. Tulikesha tukichota maji.

Mimi huzikagua kuta zangu kabla ya masika, na ndoo ya chokaa na mwiko. Kiota kichanga, chenye nyigu mmoja tu, hukiangusha jioni kwa ufito mrefu, kisha huziba tundu. Kile cha mwembeni hukiacha, kwa maana nyigu huwinda viwavi wa bustani.