Mwenye Ruhusa ya Kuweka Entri

Historia ya Malaba, mji wa mpakani kati ya Kenya na Uganda, husimuliwa kwa malori: foleni ilifika wapi, dereva alilala siku ngapi barabarani, ni ndizi gani zilioza kabla ya kuvuka daraja. Nimekuwa wakala wa forodha hapa tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, na ningependa kuisimulia kwa majina. Nyuma ya kila mzigo unaovuka kuna mtu aliyeuandikia hati, na mtu huyo lazima awe amekubaliwa na forodha kabla hajagusa karatasi wala kompyuta. Namna jina linavyoingia katika orodha ya waliokubaliwa, na namna linavyotolewa, imeamua nani anakula kwa kazi hii na nani anashtakiwa kwa kosa asilolifanya.

Kazi yenyewe si ya kale sana mpakani. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931 kupitia Malaba na Tororo, Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja tangu 1917. Ni baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 ndipo mpaka ulipokuwa mgumu kwelikweli. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalifyatuliana risasi kwenye mpaka jirani wa Busia, na biashara ikasimama. Amani iliporudi na malori ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki yakaongezeka, ofisi za mawakala zilichipuka kando ya barabara, kila moja na ubao wake, mashine ya chapa na rundo la karatasi za kaboni.

Nilipoajiriwa, entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, iliandikwa kwenye fomu C63, nakala juu ya nakala. Ili karani aruhusiwe kuipeleka, kampuni ilimwandikia barua: jina, nambari ya kitambulisho, picha ya pasipoti na mfano wa sahihi. Barua ilitiwa faili, lakini uandikishaji wenyewe ulifanyika kwa miguu. Mzee aliyeniajiri alinitembeza dirisha kwa dirisha siku nzima. Kwa kila afisa alisema maneno yaleyale: "Huyu ni binti wa ofisi yangu. Akileta karatasi yeye, nimeleta mimi." Kuanzia hapo nikajulikana. Siku ambayo karani alifukuzwa kazi, habari zilifika dirishani kabla yake, maana Malaba ni mji mdogo na chai hunywewa kwenye vibanda vilevile.

Sitaki mtu autamani mno utaratibu huo. Uliwalinda waliojulikana na kuwafungia nje wasiojulikana. Kijana wa Amagoro hapa jirani asiye na mjomba mwenye kampuni angeweza kujua vifungu vya ushuru kuliko sisi sote, na bado akose mtu wa kumtembeza. Kwa wasichana ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu maafisa wengi walituchukulia kama matarishi, na karatasi zetu zilingoja hadi bosi apite mwenyewe.

Mwaka 2005 mambo yaligeuka. Januari ulianza Umoja wa Forodha wa Jumuiya iliyofufuliwa, ukiwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Julai, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ikazindua mfumo wa Simba, uliotokana na programu ya forodha ya Senegal. Sasa entri ya Malaba iliandikwa kwenye kompyuta na kusomwa na maafisa katika kituo cha kushughulikia hati Nairobi, watu ambao hawajawahi kuniona wala kunywa chai nami. Kwao nilikuwa jina la mtumiaji na paswadi. Yule kijana wa Amagoro na mimi tukawa sawa mbele ya skrini, na jambo hilo nalishukuru mpaka leo.

Lakini uandikishaji ulibaki wa mkono. Mwenye kampuni alipaswa kumjazia fomu kila karani, kuipiga muhuri, kuiambatanisha na leseni na kungoja. Wengi hawakuona haja. Walifungua akaunti moja au mbili, wakabandika paswadi kwenye kipande cha karatasi kando ya skrini, na ofisi nzima ikafanya kazi kwa jina la mtu mmoja. Paswadi ya kompyuta ilibuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya sitini, kwa sababu watu wengi walitumia mashine moja na kila mmoja alihitaji mafaili yake yakae peke yake. Sisi pia tulikuwa watu wengi kwenye mashine moja. Tukagawana hata paswadi yenyewe.

Madhara nayajua kwa karibu. Karani mwenzangu katika kampuni niliyofanyia kazi wakati huo alihamia Busia kwa mwajiri mwingine. Hakuna aliyeandika barua ya kumwondoa. Miezi ikapita. Akaitwa kueleza entri ya mzigo wa transiti uliotakiwa kuvuka kwenda Uganda, lakini ukamwagwa sokoni Kenya bila ushuru. Entri ilikuwa na jina lake, saa na tarehe. Siku hiyo alikuwa Busia akifanya kazi nyingine, lakini kwenye mfumo alionekana yuko Malaba akibonyeza vitufe. Alitumia akiba yake yote kujisafisha, na mkewe akauza ng'ombe. Bondi ya kampuni, yaani dhamana yake kwa forodha, ilidaiwa, lakini kampuni ilikuwa na bima. Yeye hakuwa na kitu zaidi ya jina.

Watu hudhani ugumu uko katika kumwingiza mtumiaji mpya. Mpya hupiga kelele mwenyewe: hana paswadi, hawezi kufanya kazi, mwajiri anapata hasara. Anayeondoka hapigi kelele, na aliyemwacha nyuma hana haraka. Chini ya sheria ya Jumuiya, leseni ya wakala huisha tarehe 31 Desemba, hivyo kila mwaka kampuni hulazimika kujieleza upya. Karani aliyeondoka Machi akasahauliwa hubaki ndani ya leseni mpya akiwa mzima kama waliobaki.

Mwaka 2014 ulileta Himaya Moja ya Forodha. Mizigo ya Uganda ikaanza kutangazwa kwa mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, na kulipiwa kodi kabla haijatoka bandari ya Mombasa. Foleni ikapungua, na kazi yetu pia. Ofisi nyingi za Malaba zilifunga milango, wenyewe wakahamia Mombasa. Tuliobaki tulijikuta na majina mengi kuliko kazi: akaunti ya Simba, akaunti ya ASYCUDA, mfumo wa forodha wa upande wa Uganda, akaunti ya dirisha moja la biashara la KenTrade, akaunti ya iTax ya kodi. Baadaye ikaja mihuri ya kielektroniki ya kufuatilia mizigo na mfumo mpya wa iCMS uliochukua nafasi ya Simba. Msichana mmoja, kitambulisho kimoja, cheti kimoja, lakini anaandikwa upya kila mahali, na kila mahali anaweza kusahauliwa.

Kilichonionyesha njia nyingine ni msiba wa 2020. Uganda ilipoanza kuwapima madereva korona, malori yalijipanga makumi ya kilomita kutoka Malaba. Dereva alifika na karatasi ya majibu, na hakuna aliyeweza kujua mara moja kama ni halali. Jumuiya ikaanzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva. Dereva aliandikishwa mara moja, majibu ya maabara yakaungana na jina lake, na afisa wa nchi ya pili akayaona kwenye skrini yake bila kumwandika upya. Hatukuwa tumewahi kufanyiwa hivyo sisi mawakala.

Na si jambo la ajabu. Ukiomba PIN ya KRA kwenye iTax, unaandika nambari ya kitambulisho, na mfumo wenyewe unauliza daftari la serikali la watu. Katika kampuni kubwa za nje, mfanyakazi akiandikwa na ofisi ya ajira, akaunti zake zote hufunguka zenyewe, na akiacha kazi hufungwa zenyewe. Mwaka 2015 wataalamu wa intaneti walichapisha toleo la pili la kanuni ya pamoja ya kazi hiyo, SCIM, ili programu za watengenezaji tofauti ziambiane nani ameingia na nani ametoka.

Kwa mpaka wetu ningetaka akaunti ya wakala isimame juu ya vitu vitatu vinavyojulikana tayari: leseni hai ya kampuni, cheti cha wakala cha Afrika Mashariki alichosomea mtu mwenyewe, na ajira yake. Vitatu vikiwapo, afunguliwe siku hiyohiyo, Kenya na Uganda. Kimoja kikiondoka, akaunti ifungwe pande zote bila kungoja barua ya bosi aliyekasirika au aliyesahau.

Mashine nayo inahitaji mtu karibu yake. Hapa kwetu jina la kitambulisho na jina la cheti cha shule mara nyingi hutofautiana kwa herufi moja, au yamepinduliwa, la baba limekuja mbele. Tena familia za Kiteso zina ndugu kila upande wa mto wa mpakani, wenye hati za nchi mbili. Mfumo ukikuta tofauti hukataa tu. Mahali pa kumweka mtu wa kurekebisha papo: kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018, tayari kinawakalisha maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Hapohapo mama mwenye bidhaa za chini ya dola 2,000 hupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila kuajiri wakala. Kama mama huyo amepatiwa meza, karani ambaye jina lake limekataliwa anastahili meza pia, yenye afisa mwenye mamlaka ya kurekebisha.

Wakati hayo yanangojwa, wenzangu wenye kampuni wanaweza kuanza leo. Kumpa mwingine paswadi bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018, na hiyo ni sababu tosha kwa mwoga. Kwa mwenye utu iko sababu kubwa zaidi. Kijana anayeajiriwa Malaba anastahili kuweka entri yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, na siku anapoaga, barua ya kulifunga jina hilo iandikwe kabla hajalipwa mshahara wa mwisho. KRA na URA zikifikisha mifumo yao mahali pa kufanya kazi hiyo bila barua, hakuna familia ya karani itakayouza ng'ombe kwa entri ambayo hakuiandika.