Bitana ya Mlango wa Gari: Historia ya Istilahi Iliyokosekana

Makala haya yanahusu kitu ambacho kila abiria wa gari dogo hukiegemeza kiwiko, walakini hakina jina moja katika Kiswahili. Ni ule ubao uliovikwa reksini unaofunika upande wa ndani wa mlango wa gari. Nilianza kuutafutia jina nilipoletewa rasimu ya mwongozo wa mafundi iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Mfasiri alikuwa ameandika "ondoa jopo la mlango". Yamkini alikutana na neno la Kiingereza ambalo kwa maana moja ni ubao na kwa nyingine ni watu walioketi kuamua jambo, akashika ile ya pili. Nikalikata jopo, nikaandika "kibao cha mlango", nikaridhika.

Nilikuwa nimekosea vilevile. Nilipofika Bariadi, mji ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa katika Mkoa wa Shinyanga na sasa ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, nilimsomea sentensi hiyo fundi mmoja wa viti vya magari, mzee aliyeanza kazi kwa cherehani ya nguo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kibao kipi, mwanangu? Cha namba?" Vijana wake wakacheka, kwani kibao ni kofi pia.

Msamiati wa gari ulitufikia kwa njia mbili. Baadhi ya maneno yalikwishakuwapo kabla ya gari lenyewe. Usukani ulikuwa wa jahazi. Kitasa na bawaba vilikuwa vya mlango wa nyumba. Hayo yalihamia kwenye gari bila kusindikizwa na kamati yoyote. Mengine yaliingia kwa masikio ya wanagenzi katika gereji: breki, klachi, gia, bampa, shokapu. Baadaye ofisi nazo zilichangia. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na miongoni mwa kazi zake ni kusanifu istilahi. Hata hivyo, si kila neno la ofisini hufika gereji. Vipuri ni neno zuri, nasi twaliandika katika barua za serikali. Lakini anayetumwa kuvinunua huenda kwenye duka la spea.

Kitu chetu hiki kiliponyoka katika njia zote mbili. Nyumba ya pwani ina mlango wenye miimo, vizingiti na mfaa, lakini haina mlango wenye tumbo lililojaa vyuma vya kupandishia kioo, ambao lazima ufunikwe. Gereji nayo haikukihitaji sana kukitaja, kwa kuwa kilikuja na gari kutoka ng'ambo.

Haja ilikuja pamoja na dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu mno, na vipuri vikawa adimu pia. Ni mwaka 1984 tu ndipo serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Mzee yule anakumbuka kwamba ubao wake wa kwanza wa mlango aliukata katika sanduku la chai, akauvika kitambaa cha begi la safari. Alijaribu kuweka pamba chini ya kitambaa, kwa kuwa Bariadi ni nchi ya pamba. Masika yalipoanza pamba ikanywa maji, na ubao ukaoza kabla ya mwaka kwisha.

Maji ndiyo adui. Mvua hupenya kando ya kioo, hushuka ndani ya mlango na kutokea katika matundu ya chini. Nyuma ya ubao hubandikwa karatasi ya nailoni ili maji yasiuguse. Fundi wa kioo akiichana asiirudishe, hadibodi, ambayo ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa joto, huvimba na kupinda, na klipu hung'oka pamoja na kipande. Hapo ndipo mwenye gari humjia fundi. Naye huulaza ubao wa zamani juu ya mpya, huchora ukingo wake na tundu la kila klipu, hukata, hugandisha sponji nyembamba, kisha huvuta reksini na kuikunja nyuma. Ubao wa kulia huugeuza ukawa mfano wa kushoto. Huo wa zamani alikuwa akiuita kigezo. Nilifurahi kulisikia neno hilo katika kazi yake ya asili; sisi wa ofisini, kwa "vigezo na masharti" yetu, tumekaribia kusahau kwamba kigezo ni kitu cha kushikika.

Kitu chenyewe yeye hukiita kava, na vijana wake husema paneli. Kava lina udhaifu: hapo hapo gereji, kava ni vazi la kiti, ambalo huvuliwa likafuliwa, na mwongozo ukisema "ondoa kava" mwanafunzi ataanza na kiti. Nikamwuliza: "Mzee, kama mlango huu ungekuwa koti, hiki ungekiitaje?" Hakufikiri. "Bitana," akasema, na akaendelea kupaka gundi.

Hilo ndilo pendekezo ninalolipeleka kamatini: bitana ya mlango kwa kitu kizima, na ubao wa bitana kwa hadibodi au plaiwudi iliyo ndani yake. Bitana hukaa upande wa ndani, huficha mshono, na kila mshonaji wa nguo analijua neno hilo. Natarajia ubishi kutoka kwa wenzangu wanaopendelea paneli, nao wana hoja, maana paneli imekwisha kuzoeleka katika umeme wa jua. Rasimu ya mwongozo ningali nayo, na mahali pa jopo nimepaacha wazi kwa penseli. Ile karatasi ya nailoni haijapata jina bado, na mafundi huiita nailoni tu.