Shaba ya Babati ilitoka mbali

Siku ya mnada, Babati, bangili husikika kabla ng'ombe hawajaonekana. Akina mama wa Kidatoga hushuka kwenye daladala na bodaboda wakiwa wamejaza mikono shaba, nyekundu na ya njano, nazo hugongana kila wanapohesabu noti. Mtu asiyewajua atadhani shaba hiyo ilichimbwa hapa hapa, chini ya Mlima Kwaraa. Sivyo.

Kutoa madini kwenye jiwe hakukuwa kugeni upande huu. Kusini mwa Babati, katika nchi ya Warangi huko Kondoa, bado yanaokotwa mavi ya chuma, mabaki ya matanuri ya udongo ambamo wazee waliyeyusha mawe wakapata majembe na mikuki. Shaba ndiyo iliyokuja ikiwa imeshapikwa kwingine, na jiko lake kubwa lilikuwa Katanga, kusini mwa Kongo ya leo.

Siku hizi vijana huona kwenye simu mtu akiweka mawe ya kijani na mkaa ndani ya ndoo uani kwake, akapuliza hewa, shaba ikatiririka. Huona kama ugunduzi mpya. Watu wa Katanga walifanya hivyo karne nyingi, tena kwa hesabu. Walingoja kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na njia zimekauka, ndipo ukoo mzima ulipohamia machimboni. Watafutaji walilenga jiwe la kijani la malakaiti, ambalo zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Mafundi walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, maana haupasuki ovyo motoni, wakapanga mkaa na mawe kwa tabaka, kisha mivukuto ikaanza kupumua.

Siri yote iko kwenye pumzi hiyo. Moto wa kuni tupu haufiki nyuzi 1,085 za Selsiasi, joto linaloyeyusha shaba. Mkaa unaopulizwa hufika, na moshi wake hulinyang'anya jiwe oksijeni, shaba ikabaki peke yake. Hapo shaba ina tabia njema kuliko chuma. Chuma cha tanuri la jadi hakimiminiki. Hutoka kama sifongo chafu, nawe unakipiga nyundo hadi jasho likuishe. Shaba hutelemka yenyewe hadi chini ya tanuri. Mafundi waliiyeyusha tena kwenye chungu ili kuisafisha, wakaimimina kwenye kalibu za mchanga zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, na mitatu ikachorwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia. Katikati ya karne ya 19 Wasumbwa, majirani wa Wanyamwezi, walikwenda Katanga kununua shaba. Mmoja wao, mtoto wa mfanyabiashara Kalasa, alibaki huko akawa mfalme: Msiri wa Bunkeya. Wafuasi wake wakaitwa Wayeke, na shaba ikapita mikononi mwake kwenda pwani zote mbili za bara. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kubebewa mizigo na wapagazi waliotoka pwani yetu. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière, na mwaka 1911 tanuri lake kubwa likaanza kuwaka Lubumbashi. Kwangu mimi, hapo ndipo tanuri la ukoo lilipozimika, na si kwa kukosa ujuzi: jiwe lilikuwa limepata mwenyewe mwingine. Rais Mobutu wa Kongo alipoubadilisha mkoa wa Katanga jina mwaka 1971 aliuita Shaba, neno la Kiswahili, na likakaa hadi 1997.

Upande wa mashariki shaba ilikuja pia kwa bahari. Misafara iliyopanda kutoka pwani kutafuta pembe za ndovu ilibeba masango, nyaya nene za shaba zilizokunjwa kama kamba, kwa kununulia chakula na kulipia hongo ya njia. Kondoa-Irangi ilikuwa kituo kikubwa cha misafara hiyo. Waya uliofika huko haukuhitaji tanuri, bali ulihitaji mhunzi.

Na wahunzi walikuwepo. Kwa Wadatoga kazi hiyo ni ya Gidang'odiga, ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe kwa kuwa wafugaji wengine hawataki kuoana nao, ingawa hawawezi kuishi bila mikuki, visu na bangili za wahunzi hao. Kule Ziwa Eyasi, Wahadzabe huwaendea wakiwa na asali ili wapewe vichwa vya mishale. Mvukuto bado ni wa ngozi ya mbuzi, na shimo la moto halizidi ukubwa wa karai. Kinachoingia chunguni ni kufuli bovu, bomba la maji lililokatika, au waya wa umeme uliochunwa. Zinki iliyomo kwenye shaba ya njano hutoa moshi mweupe unaoleta homa, ndiyo maana jiko hukaa nje, upepo ukipita.

Tanuri la Katanga lilikufa liliponyang'anywa mawe, lakini la Gidang'odiga halikuwahi kuyategemea. Bangili ikipasuka, mwenyewe huirudisha kwa fundi, naye huitia tena chunguni pamoja na lile kufuli.