Kutoka "Tumekosa" hadi "Nimeiba"

Kabla ya miaka ya 1930, Mwanglikana wa Uganda au Rwanda hakukosa nafasi ya kuungama. Ibada ilikuwa na sala ya maungamo, ikisomwa na kanisa zima kwa sauti moja. Udhaifu wake ulikuwa katika kiambishi: tumekosa. Ndani ya "tu" hiyo mwizi na mzinzi walijificha pamoja na bibi kizee asiye na neno na mtu, kisha kila mmoja akarudi nyumbani na mzigo wake. Uamsho uliochipuka Gahini, mashariki mwa Rwanda, ndio uliokibadilisha kiambishi hicho, na kwa maoni yangu nafuu waliyoishuhudia waliookoka ilianzia hapo. Daktari Joe Church wa hospitali ya misheni ya Gahini alikutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1929; Desemba 1933, katika mkutano wa Gahini, watu walisimama wakilia na kuzitaja dhambi zao. Mwaka 1937 moto huo ulikuwa Kabete, Kenya. Kusema "mimi ni mwenye dhambi" hakukutosha, maana hayo nayo ni maficho. Mtu alisema nimeiba, akakitaja kitu, akakirudisha kwa mwenyewe. Deni lisilotajwa kiasi hulilipaje?

Wapo waliouliza: ikiwa Mungu peke yake ndiye asamehaye, kwa nini kuungama mbele ya watu? Swali ni la haki. Lakini ndugu wa uamsho hawakudai kusamehe. Hawakuwa na padre wa kuwaondolea dhambi kama jirani zao Wakatoliki katika kitubio. Walikuwa mashahidi tu, na shahidi ana kazi yake, kwa sababu mtu akibaki peke yake na dhambi yake huipunguza uzito. Shutuma nzito zaidi ilikuwa ya majivuno. Mwaka 1941 Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho huo, William Nagenda akiwamo, baada ya mvutano uliohusu mahubiri yao ya alfajiri. Sikatai kwamba wengine walijiona bora kuliko wasiookoka, wala kwamba anayeungama uzinzi hadharani humwanika na mwenzake ambaye hakuulizwa. Hata hivyo, kasoro hizo zilitokana na kuungama kwa ajili ya wasikilizaji. Aliyekuwa akimwungamia Mungu kweli alikuwa bado na safari ya kwenda mlangoni kwa mtu aliyemwibia, ambaye pengine hakujua hata kama aliibiwa.