Fukusi wa mitapo: namna ya kumtambua mchavushaji na mharibifu

Katika Bustani ya Mimea ya Durban, nchini Afrika Kusini, kuna mmea maarufu usio na mwenzi. Jina lake la kisayansi ni Encephalartos woodii. Ni wa kundi la mimea yenye shina nene na majani yanayofanana na ya mtende, ambayo katika pwani ya Afrika Mashariki huitwa mitapo.

Mtaalamu wa mimea John Medley Wood aliupata mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, kaskazini mwa Durban. Ulikuwa wa kiume. Wa kike haujapatikana hadi leo, na spishi hiyo imekwisha kutoweka porini. Iliyopo bustanini imetokana na machipukizi na mashina ya mmea huo mmoja.

Mitapo, kama ilivyo mipapai, ina mimea ya kiume na ya kike. Chavua lazima itoke katika koni ya mmea wa kiume na kufika katika koni ya mmea wa kike. Zamani ilidhaniwa kuwa upepo ndio unaoibeba. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wabebaji ni wadudu, na miongoni mwao wamo fukusi.

Hata hivyo, si kila fukusi aonekanaje katika koni ni rafiki wa mmea.

Kichwa na vipapasio

Duniani kumekwisha kuelezwa zaidi ya spishi 60,000 za fukusi na jamaa zao. Alama yao kuu ni kichwa kilichorefuka mbele kama mkonga. Mkonga huo si wa kufyonza: kwenye ncha yake mna taya ndogo za kutafunia.

Hatua ya kwanza ya kuwatenganisha fukusi wa mitapo ni kutazama vipapasio. Fukusi wa jenasi Porthetes ana vipapasio vilivyopinda kama kiwiko cha mkono. Wale wa jenasi Antliarhinus, ambao ni wa familia nyingine, wana vipapasio vilivyonyooka.

Hatua ya pili ni mkonga wenyewe. Jike wa Antliarhinus zamiae ana mkonga uwezao kufikia urefu mara tatu ya mwili. Huutumia kutoboa mbegu changa na kutaga mayai ndani. Viluwiluwi wake huila mbegu hiyo. Dume ana mkonga mfupi zaidi, kiasi kwamba asiyejua angeweza kuwadhania kuwa spishi mbili.

Mkonga wa Porthetes haufikii urefu huo. Viluwiluwi wake hukulia katika koni za kiume, ambazo hunyauka baada ya kutoa chavua. Hivyo mmea hupoteza kidogo, na fukusi huyo anapotembelea koni ya kike hufika na chavua mwilini.

Spishi zinazofanana mno

Pale umbo la nje lisipotosha, wataalamu huchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Mfano uko ghalani. Fukusi wa mahindi na fukusi wa mchele hufanana mno kwa nje, lakini kiungo cha dume wa kwanza kina mifereji miwili upande wa juu, na cha wa pili ni laini.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu

Mkulima wa mitapo anayenyunyizia koni sumu ili kuokoa mbegu aweza kumwua Porthetes pamoja na Antliarhinus, kisha akakosa mbegu zenye uhai. Baada ya hapo hubaki kuchavusha kwa mkono. Vilevile, mitapo inapong'olewa porini kwa ajili ya kuuzwa, fukusi wanaoitegemea hupoteza makao, na michache inayobaki hukosa mchavushaji.

Biashara ya kimataifa ya mitapo ya porini ya jenasi Encephalartos imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Jenasi hiyo, yenye spishi zipatazo 65, hupatikana Afrika pekee. Mmojawapo, Encephalartos hildebrandtii, humea katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Huko nako, kuhifadhi mmea bila kuwahifadhi wadudu wake ni kuuacha, kama ule wa Durban, uishi miaka mingi bila kuzaa.