Haki ya Jirani wa Hatari: Kutoka Gati za Nyambizi hadi Uzio wa Bulyanhulu

Huko Devonport, katika mji wa Plymouth nchini Uingereza, hukarabatiwa nyambizi zinazoendeshwa kwa nyuklia. Siri za kijeshi zinalindwa vikali, lakini wakazi wa jirani hupelekewa kijitabu kinachoeleza la kufanya king'ora kikilia, pamoja na vidonge vya iodini vya kukinga tezi ya shingo. Hiyo si hisani ya jeshi. Ni matakwa ya kanuni za dharura za mionzi za mwaka 2001, zilizotungwa upya mwaka 2019. Kinyume chake kilionekana katika ghuba ya Chazhma, karibu na Vladivostok, tarehe 10 Agosti 1985. Kinu cha nyambizi ya Kisovieti kililipuka wakati wa kubadilishiwa mafuta ya nyuklia, watu 10 wakafa, na habari zikafichwa kwa miaka.

Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu mkoani Shinyanga, Tanzania, haina bahari wala nyambizi. Hata hivyo swali la Devonport linawahusu moja kwa moja majirani zake wa Kakola, Ilogi na Bugarama: anayelala jirani na hatari asiyoimiliki ana haki ya kujua nini kabla haijatokea?

Hatari kubwa hapa ni sayanaidi, kemikali inayotumika kuchenjua dhahabu. Hufika nchini kwa meli, kisha husafirishwa kwa malori kutoka pwani hadi Kanda ya Ziwa. Mitamboni huwekwa pamoja na chokaa, kwa sababu ikikutana na asidi hutoa gesi inayoweza kuua kwa dakika chache. Mabaki yake huishia katika bwawa la topesumu. Kwa hiyo jirani wa mgodi si mwanakijiji wa Kakola peke yake. Ni pia mama ntilie aliye kando ya barabara kuu ambako lori linaweza kupinduka. Huyu wa pili husahaulika katika mijadala yetu, nami naona ndiye aliye wazi zaidi kwa hatari, kwa kuwa hana hata uzio wa kumkumbusha kwamba hatari ipo.

Dunia ilijifunza kwa gharama. Januari 2000, bwawa la mgodi huko Baia Mare, Romania, lilipasuka na kumwaga takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanaidi, yakafika hadi mto Danube. Ndipo zikaandikwa kanuni za kimataifa za usimamizi wa sayanaidi, ambazo Barrick, mwendeshaji wa Bulyanhulu, imeziridhia. Zinataka mpango wa dharura na mazungumzo na jamii. Lakini ni za hiari, na mkaguzi huujibu mgodi kabla ya kumjibu mwenyekiti wa kijiji.

Wapo wanaohoji kwamba kutangaza hatari kutazua taharuki. Hoja hii naikataa. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalipovuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara kuelekea mto Tigithe, wananchi walibaki na hofu na shutuma kwa miaka, kwa sababu maelezo yalikuja baada ya madhara, tena kutoka kwa waliotuhumiwa. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga kwenyewe, ulibomoka na tope likavamia makazi na mashamba. Tope halisubiri mtu apewe semina.

Sheria hazikosekani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake, na ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kinachopungua ni wajibu unaomtaja mtu: nani apeleke taarifa, kwa nani, lini, na kwa lugha gani. Kanuni za Uingereza zinamtaja. Zetu zimwelekeze mwendeshaji wa mgodi kuwasilisha mpango wa dharura, kwa Kiswahili na kwa maelezo ya Kisukuma, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. King'ora kijaribiwe wanakijiji wakiwepo, na njia ya kukimbilia iamuliwe nao, maana ndio wanaojua korongo lipi hujaa masika. Zahanati zilizo jirani na mgodi na zile za njiani ziwe na dawa ya kupunguza makali ya sayanaidi, na mganga aliyefundishwa kuitumia awepo zamu ya usiku pia.